Muzee wa Upepo na Muzee wa Sufuria

Harufu ya petroli iliyomwagika kidogo juu ya chuma cha moto, ikichanganyika na vumbi linaloungua nyuma ya televisheni ya zamani: hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengine huniambia kwamba utoto wao unanukia mkate, au udongo uliopata mvua. Mimi nikipita mbele ya kibanda ambamo mtu anawasha jenereta, hata leo, miguu inasimama yenyewe. Narudi kwetu Murara, mtaa wa mji wa Goma, kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Nina miaka kumi na mmoja, na ninabishana na Sifa kwa sauti inayosikika mpaka barabarani.

Niwaambie kwanza Sifa alikuwa nani. Papa alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Butembo aliyehamia Goma, na moja ya bidhaa zake ilikuwa jibini za Masisi, zile za duara, nzito, zenye ganda la njano. Aliyemuuzia alikuwa baba yake Sifa, mfugaji wa kule milimani. Mwaka ule vita vilipowaka tena Masisi, mama yake Sifa alishuka na watoto wake wanne kwa miguu mpaka kambi ya wakimbizi ya Mugunga, na baba akabaki nyuma na ng'ombe. Papa alipopata habari alikwenda kuwatafuta kambini. Jioni alirudi na Sifa, mkubwa wao, ili asipoteze mwaka wa shule.

“Masika, huyu ni dada yako,” aliniambia. “Mutalala kitanda kimoja.”

Hakuna maelezo mengine niliyopewa. Nilikuwa kifungua mimba, nilikuwa na kitanda changu peke yangu, na sikufurahi hata kidogo. Kwa wiki mbili mazungumzo yetu yalihusu blanketi tu: nani amelivuta, nani amebaki na miguu nje. Televisheni ndiyo iliyotupatanisha, kisha ikatugombanisha vizuri zaidi.

Televisheni hiyo ilikuwa ya Tonton Kambale, mdogo wake mama, aliyetengeneza redio na televisheni kule mtaa wa Birere na kulala kwetu. Mteja wake mmoja aliyekuwa anahama mji alimwachia katoni ya vitu, na ndani yake mlikuwa na diski tano za katuni kutoka Japani. Pale Birere hakuna aliyezitaka. Watu walitaka filamu za wanaume wanaorushana mateke. Basi Tonton akazileta nyumbani, na kila Jumamosi mchana, tukimaliza kufua, aliwasha jenereta na kutuwekea moja.

Wahusika walisema Kijapani, na chini yao maneno ya Kifaransa yalipita haraka kama panya. Tonton alitutafsiria. Nasema alitafsiri, lakini mtu akihutubia dakika nzima huku machozi yanamtoka, Tonton alikohoa na kusema, “Anasema ndiyo.” Mengine tulijaza wenyewe.

Jumamosi ya tatu, Sifa, ambaye hakuwahi kuishi na televisheni kabla ya kwetu, alisema jambo lililotushangaza.

“Hii filamu na ile ya kwanza, ni mutu mumoja alizitengeneza.”

“Umejuaje?” nikamuuliza.

“Nyasi zake zinalalaka vilevile.”

Nilicheka, lakini yeye alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutambua ng'ombe wa baba yake kutoka mlima wa pili. Alichukua daftari lake la hesabu, akamwomba Tonton arudishe mwanzo wa kila diski, akanakili alama za jina moja lililoonekana peke yake kabla ya hadithi kuanza. Alama moja ilifanana na nyumba yenye ngazi, nyingine na mtu aliyebeba kuni. Alipomaliza, diski tatu zilikuwa na jina moja, na mbili zilikuwa na jina jingine. Tonton alivua miwani.

“Huyo ni mwongozaji,” alisema. “Ndiye kichwa cha filamu. Mutoto, weye una akili kuliko mimi.”

Majina yao hatukuweza kuyasoma, kwa hiyo tuliwabatiza. Wa kwanza tulimwita Muzee wa Upepo, kwa sababu kwake kila kitu kilipepea: nywele, mapazia, nyasi, hata masikio ya mbwa. Watu wake hawakujua kukaa chini. Walikimbia kuteremka vilima, mikono imefunguliwa, na daima kulikuwa na mashine fulani inayonguruma na kuvuja moshi. Wa pili tulimwita Muzee wa Sufuria. Huyo alipenda mikono. Mtu wake akiosha mchele, ulisikia punje zikigongana. Mtu wake akiingia nyumbani, alivua viatu, akavigeuza, akavipanga, na Muzee wa Sufuria alikuonyesha yote hayo bila haraka, kana kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa umechoka miguu.

Mimi nilikuwa wa Upepo, mwili na roho. Filamu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya msichana aliyeshona puto kubwa kwa mablanketi ya kijiji kizima, akapanda na mbuzi wake kilema mpaka juu ya volkano kumtafuta kaka yake. Katikati, ndege za chuma zilikuja na kuangusha moto juu ya mji. Moto ule ulichorwa kama maua yanayofunguka, na mimi nilisimama juu ya kiti kushangilia. Sifa, tulipokaribia hapo, alikumbuka kila mara kwamba maji yamekwisha. Alichukua bidoni na kutoka. Mama alimsifu kwa bidii yake. Mimi nilidhani anakimbia ili asikubali kwamba mzee wangu amemshinda wake.

Yeye alipenda filamu ya Muzee wa Sufuria kuhusu mama na binti yake waliokaa katika nyumba kando ya mto siku za mvua. Walikata mboga. Walishona. Walichungulia dirishani. Basi.

“Mule hakuna kitu inapita!” nilimpigia kelele. “Wanapika tu!”

“Ndiyo.”

“Sasa unapenda nini?”

Alifikiri. “Muzee wako anachora mambo yenye anaotaka mu ndoto. Wangu anachora mambo yenye aliona.”

“Kuona, kila mutu anaonaka!”

“Hapana. Batu wanaangaliaka tu.”

Ugomvi wetu ulivuka ukuta wa mbao. Wasichana wa jirani walianza kuja Jumamosi, wakagawanyika, na shuleni wakati wa mapumziko kulikuwa na watu wa Upepo na watu wa Sufuria. Sikumbuki furaha kubwa kuliko ile. Nje ya mji kulikuwa na vita, sisi tulikuwa tunanuniana juu ya namna ya kuchora majani.

Kila Jumapili baada ya misa Sifa alikwenda Mugunga kumwona mama yake, na kule aliwasimulia watoto wa kambi filamu zetu. Mwishowe wakasema wamechoka kusikia, wanataka kuona. Tonton alikubali. Siku moja ya likizo alifunga televisheni na jenereta juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, akaisukuma kwa barabara ya Sake mpaka Mugunga, nasi nyuma yake tukishikilia kamba kama tunasindikiza bibi harusi.

Watu wa kambi walitupa hangari ya maturubai iliyotumika kwa misa. Tonton aliziba matundu kwa mablanketi mpaka giza likaingia mchana. Watoto walijaa mbele, akina mama nyuma. Kisha alitangaza kwamba mafuta yanatosha filamu moja na kidogo, kwa hiyo kila mmoja wetu aiombee yake kura.

Nilianza mimi. “Kuna puto! Kuna mbuzi kilema! Kuna volkano!” Hangari ilitetemeka kwa kelele.

Sifa alisema, “Yangu iko na mama na binti yake. Wanapika. Mvua inanyesha.”

Watoto walicheka. Karibu mikono yote iliinuliwa kwa ajili yangu. Sifa alipata miwili: wa Mama Sifa, na wa muzee mmoja asiyesikia vizuri, aliyedhani wanagawa unga.

Nilivimba kwa fahari. Watoto walipiga makofi puto lilipopaa, wakamwita mbuzi kwa majina ya mbuzi wao. Kisha ndege za chuma zikatokea. Nikageuka ili nione nyuso zao zikifurahi.

Hawakulia. Hilo ndilo nisilolisahau. Waliteleza chini ya mabenchi kimya kimya, wakafunika vichwa kwa mikono, mkubwa akimlalia mdogo, kama watu wanaofanya kazi waliyofundishwa. Sifa alikuwa tayari mbele. Alikuwa amefungua kitenge chake na kukitandaza juu ya kioo cha televisheni.

“Tonton, zima! Zima!”

Tonton alizima. Akina mama walianza kuvuta watoto wao kutoka chini ya mabenchi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa mtoto wa Goma, bunduki nilizisikia kwa mbali, lakini hakuna aliyewahi kunilalia juu ya mgongo. Nilimtazama Sifa nikingoja anitukane. Yeye alimpa Tonton diski ya pili, akaja kukaa karibu nami, akanisukuma kidogo kwa bega ili nimpe nafasi.

Ikaanza filamu ya Sufuria. Kisha yule mama wa Kijapani akaanza kuosha mchele, na sauti moja ikatoka nyuma: “Eh, mama, maji ni mengi!”

Watu walicheka. Mwingine akajibu, “Muache, yeye anajua mchele wake.”

“Na chumvi? Hawa batu hawana chumvi?”

“Mwangalie mutoto anavyokata mboga. Wangu angeshakata kidole.”

“Paa lao ni nzuri,” alisema yule muzee kwa sauti kubwa. “Halivuji.”

Tonton aliacha kutafsiri, hakuna aliyemhitaji. Watoto walipanda mapajani kwa mama zao na kutulia. Mama Sifa alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Halafu jenereta ikakohoa mara mbili, picha ikawa nukta nyeupe, ikapotea.

“Aaaah!” Hangari nzima ililalamika. “Sifa! Kisha nini?”

Sifa alisimama. “Mvua iliacha. Mama akaanika nguo. Wakakula, wakalala.”

“Na asubuhi?” aliuliza mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni.

“Asubuhi wakaamuka, wakapika tena.”

“Mu ile nyumba yao?”

“Mu ile ile nyumba.”

Walipiga makofi, marefu kuliko ya puto langu.

Njiani kurudi nilimwambia Sifa kwamba amedanganya. Ile filamu nilikuwa nimeiona mara sita. Inaishia kwenye mvua, asubuhi haimo.

“Najua,” alisema. “Nimeiongeza.”

Niliona ni mwisho mbaya kabisa. Mtu anapewa nafasi ya kubuni mwisho, anabuni watu wanaopika tena! Mimi ningewapa angalau farasi.

Baba yake alishuka miezi kadhaa baadaye, mwembamba, bila ng'ombe hata mmoja, na mayowe ya Sifa alipomwona mlangoni nayasikia mpaka sasa. Sifa aliishi kwetu miaka mitatu. Baadaye aliolewa Kisangani, na sisi tukabaki kuwa dada wa simu.

Mimi nilikua, nikazaa, na zamu yangu ya kukimbia vita ikafika. Tulikaa mbali na nyumba yetu majuma mengi, tukila tulichopewa, saa tuliyopewa. Tuliporudi, asubuhi ya kwanza, niliwasha makaa yangu mwenyewe, nikateka maji, nikaweka sufuria. Watoto walikuwa wanagombania kikombe chenye maua. Mvuke ulianza kutoka pembeni mwa kifuniko. Hakuna kitu kingine kilichotokea. Nilikaa juu ya kigoda na kucheka peke yangu, machozi yakinitiririka, kwa sababu hatimaye nilijua Sifa alikuwa ameongeza nini siku ile, na kwa nini watu wale walipiga makofi.

Nilimpigia simu hapo hapo, nikamwambia: Muzee wa Sufuria ameshinda.

Akauliza, “Unapika nini?”

“Maharagi.”

“Ya rangi gani?”

Nikamwambia, na tukazungumza habari za maharagi mpaka yakaiva.