Kubali Yaishe

Mume wa msusi alikuwa fundi friji, na mbishi kwelikweli. Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza kulinganisha na lini. Majirani walisema yule hubishana hata na kivuli chake, na msusi alicheka pamoja nao, maana ubishi ule ndio uliochangamsha nyumba.

Siku moja fundi aliitwa kutengeneza friji la duka la vinywaji. Akamaliza kazi, akasahau bisibisi yake nyuma ya friji. Usiku uleule duka likavunjwa. Polisi walipookota bisibisi yenye jina lake kwenye mpini, hawakutafuta tena mwizi.

Fundi alikana, akakana tena. Ndipo mpelelezi akamfuata mkewe saluni, akaketi kwenye kiti cha wateja kama anayesubiri zamu.

"Shemeji, mumeo anaponzwa na mdomo wake. Akikubali, atapigwa faini ndogo, mnarudi nyumbani. Akizidi kubisha, ataozea ndani."

Wakili hawakuwa naye. Msusi akapeleka chakula rumande, akamwambia mumewe kupitia nondo za mlango, "Baba, kubali yaishe."

"Nikubali nini, na sikuiba?"

"Najua hukuiba. Binti yako analala akikulilia. Nifanyie mimi tu."

Fundi alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Tangu waoane, hakuwahi kushindwa na mkewe kwa maneno.

Kesho yake kizimbani alisema, "Ni kweli." Hakimu hakumuuliza aliiba nini wala alikipeleka wapi. Akamfunga miaka saba. Msusi aligeuka kumtafuta mpelelezi. Alikuwa keshatoka nje, anacheka na simu.

Mwaka wa tatu, mlinzi wa duka lile alikamatwa kwa wizi mwingine, akakiri kuwa na ule wa dukani ni wake. Msusi alikimbilia mahakamani na viatu vya kuazima, akijua mumewe anatoka leo. Karani akamwambia kwa upole, "Mama, huyu alikiri mwenyewe. Kuyafuta maneno yake si kazi ndogo."

Wakili wa kujitolea alihangaika mwaka mzima ndipo fundi akaachiwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Walimrudishia suruali yake, sasa inampwaya, wakamwonyesha lango.

Nyumbani, binti alimwamkia kama mgeni. Wateja wa friji hawakurudi; mtu hakubali bure, walinong'ona. Lakini kilichomkata maini msusi ni kwamba mumewe hakumlaumu. "Hukunifunga wewe, mke wangu," alisema mara moja, basi. Sasa ukimuuliza chai au uji, anajibu, "Chochote." Siku moja msusi alijaza chumvi kwenye mchuzi makusudi, apate japo kugombezwa. Fundi alikula akamaliza, akashukuru.

Juzi mteja mmoja, kichwa kikiwa nusu kimesukwa, alieleza kuwa mdogo wake amekamatwa, na askari wanashauri akiri tu.

Vidole vya msusi vikasimama. "Alifanya?"

"Hata! Ila wamesema atatoka kesho."

"Dada yangu, nakuomba. Asiseme ndiyo. Nitakupa namba ya wakili, mpigie hapahapa."

"Nitampigia, dada. Nimalizie kwanza, nachelewa."

Msusi akamalizia. Mteja akatia namba kwenye pochi, akajitazama kwenye kioo, akaondoka kuelekea kituoni. Msusi alibaki mlangoni na kitana mkononi, akimtazama mpaka akapotea kwenye kona, asijue kama atapiga.