Siku Dada Tatu Alipovuka Bahari

Nakumbuka siku moja ya bamvua, mwanangu, hapa hapa kisiwani Chole, dada yangu Tatu aliamka alfajiri, akajifunga shuka jeupe, akatoka kama mtu anayekwenda kufa. Alikuwa anakwenda kuvuka bahari iliyopasuka. Usicheke kwanza, maana hata mimi nilikatazwa.

Tatu alikuwa ameachwa na mumewe, akarudi nyumbani na godoro kichwani. Kijiji kizima kikampokea kwa ushauri. Huyu anamwambia ungevumilia, yule anamwambia ungejifunza kupika, na shangazi zetu wakimfikia wanatikisa kichwa kana kwamba kuna msiba. Mimi mdogo wake nilikuwa na mashoga zangu, nina ngoma kila harusi, tena nina mchumba, ambaye ndiye huyo babu yako, Mungu ampunguzie ubishi. Nafasi ya kukaa na Tatu sikuwa nayo.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka bara, sauti tamu, viatu vinang'aa mpaka unajiuliza anatembea wapi. Kikundi chake kilijiita Wavukaji. Tatu alipopita walimkaribisha, wakampa kigoda, wakamwuliza kama amekula. Basi, hapo ndipo walipompata. Mahubiri yalikuja baadaye, na sidhani kama aliyasikiliza sana.

Masharti yalianza madogo. Asile pweza. Kisha asile na sisi. Kisha asimwamkie mtu asiye Mvukaji, hata bibi yetu aliyemlea. Asubuhi Bibi anasimama mbele yake anangoja shikamoo, Tatu anatazama makuti ya paa, Bibi anajijibu mwenyewe, "Marahaba, mjukuu wangu," anakwenda zake jikoni. Mwisho yule bwana akatangaza kwamba bahari kati ya Chole na kisiwa cha Juani itawapasukia, watavuka kwa miguu, wataishi huko porini, na jamaa waliobaki nyuma wahesabiwe maiti.

Wewe umezaliwa hapa, unajua. Bamvua likipwa, pale maji yanakauka mpaka hata mbuzi anavuka. Nikamwuliza, "Dada, siku hiyo si bamvua?"

"Bamvua ni la watu wote," akanijibu. "Hili ni letu."

Alijua, mwanangu. Maji alikuwa anayajua kuliko mimi. Aliamua tu kutojua, kwa sababu kujua kungemrudisha kwa shangazi.

Siku yenyewe Bibi akanichukua tukachokoe pweza. Tuko kwenye mwamba tumeinama, tukasikia nyimbo. Wavukaji hao, msururu mweupe kama ndege yangeyange, bwana wa bara mbele, mikono juu. Katikati ya bahari yake iliyopasuka akawakuta wanawake wa Chole na makapu yao, wawili wanagombania shimo la pweza kwa matusi ambayo siwezi kukutajia. Akafumba macho, akaongeza sauti.

Nilishafungua kinywa nicheke, Bibi akanifinya paja. "Ukicheka, Tatu hatunaye tena," akaninong'oneza. "Nani atarudi kwa watu wanaomcheka?"

Kisha akaita, "Tatu! Njoo unisaidie, huyu ananishinda!"

Na kweli alikuwa anamshinda, pweza dume, kamzunguka mkono mpaka kiwikoni. Tatu akasimama. Wenzake wakamvuta shuka. Akatazama Juani, akatazama mkono wa Bibi, nami niliogopa siku ile kuliko siku nilipomzaa mama yako. Mara akalikunja shuka, akaja mbio, akamnyofoa pweza, wino ukamrukia kifuani.

"Shikamoo, Bibi," akasema akihema.

"Marahaba. Shika na kapu."

Maji yakaanza kujaa. Bwana wa bara alikuwa bado anahubiri juu ya jiwe, hakuna aliyemwambia kwamba bahari hurudi. Bibi ndiye aliyempigia ukelele, naye bwana akatoka mbio kwa upande wa Juani, kiatu kimoja kinaelea nyuma yake. Hapo Bibi mwenyewe alicheka. Lakini wachache walivuka naye, na binti wa jirani yetu hatukumwona tena. Mama yake aliwauliza habari zake wageni wote waliotua Chole, mpaka alipofariki. Hilo linaniuma hadi leo.

Unaniuliza kwa nini Tatu aliingia na mimi sikuingia. Akili sikuwa nayo, mwanangu. Nilikuwa na watu. Yule bwana angenikuta mimi ndiye niliyeachwa, na mwenye mchumba ni Tatu, shuka jeupe ningelivaa mimi.

Na sasa nikuambie, maana jana nilikusikia barazani ukimwigiza kaka yako na kile kikundi chake cha kwenye simu, anavyosali na anavyofunga, na watu wote wakavunjika mbavu. Acha. Wewe mwenyewe ukialikwa na watu wema, nenda, kula, shukuru, lakini siku watakapokwambia usimsalimu mama yako, inuka hata kama chai bado ya moto. Na kaka yako usibishane naye habari za mafundisho, utashindwa, maana hakuyafuata hayo. Muulize usiku huwa anaongea na nani hapa nyumbani. Akikosa jina la kutaja, ujue sisi ndio tuliomfukuza.

Mungu akujaalie ndugu wengi na ulimi mfupi. Akuwekee mtu wa kukuita pale utakapopotea. Haya, nenda kabishe hodi mlangoni kwake, na akikaa kimya, kaa hapo hapo kizingitini mpaka afungue.