Indiketa za Bwana Mifugo

Kijiji chetu kilipopata habari kwamba wageni wa wilaya wanakuja, kila kilichosimama kilipakwa rangi. Ofisi ilipakwa, mlango wa ghala ulipakwa, mawe ya kando ya njia yalipigwa chokaa. Mwishoni kopo moja la rangi ya kijani likabaki nusu. Bwana mifugo akalitazama kopo, akaitazama pikipiki yake ya kazi, akatabasamu. Nilikuwepo, nikamwona. Ningemzuia, lakini mzee akiwa na furaha unamzuiaje?

Hakupaka ovyo. Zile taa nne za indiketa alizifungua moja moja, akazilaza juu ya gunia, akavipaka vishikizo vyake vya chuma, akapaka na bolti mpaka kwenye nyuzi, akasubiri zikauke, akapaka tena.

"Kitu cha umma hakipakwi mara moja," aliniambia.

Jioni pikipiki ilikuwa ya kijani kuanzia usukani hadi bomba la moshi. Nilipoiwasha, bomba likanuka mpaka mbuzi wa jirani wakahama. Wageni wakaja, wakasifu mahindi, wakasifu choo cha shule. Pikipiki hakuna aliyeitaja. Mzee aliumia kidogo.

Kesho yake nikasukuma swichi ya indiketa upande wa kulia: kimya. Kushoto: kimya.

Jambo hilo lisingekuwa kubwa kama isingekuwa barua. Pikipiki ile ilikuwa ya serikali, kuukuu, ilishazunguka vijiji vingi vya Handeni kabla ya kufika kwetu. Magoti ya bwana mifugo yalikuwa yamechoka. Kupiga kiki alishindwa, na kuishikilia kwenye mchanga ndiyo kabisa. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, darasa la saba basi, lakini pikipiki naijua. Nilizaliwa kambi ya mkonge kule Korogwe, na baba yangu mdogo alikuwa fundi wa karakana. Ndiye aliyenifundisha kabla hatujahamia kijiji cha ujamaa. Kwa hiyo nikawa naendesha mimi na mzee anakaa nyuma, sanduku la chanjo likiwa mapajani, kibao chenye herufi L nyekundu kikining'inia mgongoni kwake, maana leseni alikuwa nayo yeye.

Wafugaji wa huko nyikani walitucheka hadi wakashika mbavu.

"Mzee, leo umebebwa kama ndama!"

"Ndama ananyonya," alijibu mzee, "mimi nadunga sindano. Lete ng'ombe wako."

Ndipo ikaja barua. Kijiji kisipokuwa na mwendeshaji mwenye leseni yake mwenyewe hadi mwisho wa mwezi, pikipiki irudi wilayani. Kwangu maana yake ilikuwa moja tu: jembe, na mistari ya pamba ya shamba la kijiji. Sina ugomvi na jembe. Lakini mtu ukishaonja ule upepo wa asubuhi unaoingia kwenye mikono ya gauni, ukishaona twiga wakikupisha, kulima unalima huku umeinua kichwa unatazama barabara. Nilikuwa nikiota usiku naendesha mpaka Tanga, mpaka Dodoma, mpaka mahali ambapo ramani ya shule ilikuwa imechanika.

Mtihani wa leseni ulikuwa Korogwe, siku ya Ijumaa. Na trafiki wa pale alijulikana: chombo kikiwa na taa mbovu hata moja, hupandi. Unarudi ulikotoka.

Tukaanza kutafuta ugonjwa. Mzee alisema ni betri, maana kwake kila ugonjwa wa pikipiki ni betri, kama kila ugonjwa wa ng'ombe ni kupe. Nikabonyeza honi, ikalia vizuri. Nikakanyaga breki, taa ya nyuma ikawaka nyekundu. Betri nzima.

"Basi globu zimeungua," akasema.

Nikazitoa zote nne, nikazigusisha moja moja kwenye betri kwa vipande viwili vya waya. Zikawaka zote.

"Panya wamekula waya."

Nikafuata waya kwa vidole kutoka kwenye swichi hadi mwisho wake. Panya walikuwa hawana hatia. Kikabaki kile kikopo kidogo kinachoikatakata taa iwe inawaka na kuzima. Baba mdogo alikuwa akikiita flasha. Nikakiruka, nikaunganisha waya zake mbili moja kwa moja, kama nilivyowahi kumwona akifanya. Bado giza. Nikakirudisha. Hapo akili yangu ikaishia. Alhamisi tukaondoka hivyo hivyo, mimi nikinyoosha mkono kila kona, mzee nyuma naye akinyoosha wake, kila mara upande mwingine.

Tulilala Kwamndolwa, pembeni ya Korogwe, kwa shangazi yangu, mama mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alfajiri aliamka kumenya mihogo ya kuchemsha, akatukuta tumekwisha kuchuchumaa uani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Huyo mgonjwa wenu kaamkaje?"

"Bado hajafumbua macho."

"Mtoeni nguo za kijani kwanza, labda anaona aibu."

Mzee akakohoa. Nikajifanya sikusikia. Nilitaka kuchokoa waya ulioingia kwenye taa ya mbele ya kulia, bisibisi yetu ilikuwa imeisha ncha, nikamwomba shangazi kisu chake. Swichi ilikuwa bado iko kulia. Nikachokoa, kisu kikateleza, ncha yake ikakwaruza kishikizo cha taa na tumbo la kisu likaegemea injini. Taa ikawaka.

"Ee!" shangazi akaangusha muhogo. "Imefumbua!"

Nikashtuka nikainua kisu. Ikazima. Nikakirudisha, ikawaka.

"Lakini mbona imekodoa tu?" akauliza. "Za watu si hukonyeza?"

Kweli, ilikuwa imewaka na kutulia, haikatiki; flasha haikati taa moja, hutaka mzigo wa mbili. Nikamwomba aje na kijiko. Akagusisha kijiko kati ya kishikizo cha taa ya nyuma na fremu, nikamwambia akwaruze. Akakwaruza kwa nguvu ya mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Taa ya nyuma ikawaka, na papo hapo zote mbili zikaanza: washa, zima, washa, zima. Shangazi alipiga kigelegele, na kijiko kikaondoka, na taa ya mbele ikakodoa tena peke yake, akacheka hadi akakaa chini.

Ndipo nilipoelewa, na moyo ukaniuma kidogo. Umeme huenda kwenye taa kwa waya, lakini kurudi betrini hupita kwenye chuma chenyewe cha pikipiki. Taa zetu hazikuwa zimegusana na chuma tena. Kati ya bolti na fremu kulikuwa na rangi, na rangi haipitishi umeme. Mara mbili ilipakwa, kwa uangalifu wote, mpaka kwenye nyuzi.

Nikamtazama mzee. Alikuwa anatazama kisu, ambacho ncha yake ilikuwa ya kijani.

"Ni kutu, mzee," nikasema. "Unyevu wa huku Korogwe."

"Unyevu," akarudia.

"Ndiyo. Vyuma vya Handeni havijazoea."

Shangazi alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu, akaufunga. Halafu mzee akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kisu, mwanangu. Na usinidanganye tena, hujui kudanganya. Unakunja pua."

Akakaa juu ya kigoda cha shangazi, goti moja limenyooka, akafungua bolti moja moja. Alikwangua rangi yake mwenyewe huku akilalamika jinsi ilivyoshika. "Tazama hii! Tazama! Hata mvua ya masika isingeibandua." Shangazi akamletea msasa aliokuwa anasugulia masufuria, na muhogo wa moto, akamwambia rangi ilikuwa nzuri, ubaya wake ni kupendwa kupita kiasi. Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu wageni waondoke. Bolti ya nne ilipokazwa, taa zilikonyeza pande zote mbili, na pikipiki ilikuwa na mabaka kama ng'ombe wa madoa.

Trafiki alikuwa mtu mwembamba, sare imenyooka kama imechongwa. Aliizunguka pikipiki mara mbili.

"Ndugu, hii imeugua nini?"

Kabla sijakunja pua, mzee akajibu kwa sauti ya ofisini: "Ilipakwa rangi na mimi, afande. Imetibiwa."

Trafiki akamtazama, akaangalia indiketa zikikonyeza, akaniambia nipande. Niende hadi kwenye mnazi ule, nikate kulia, nizunguke ghala, nirudi. Nikaenda. Nilipoweka indiketa ya kulia nikaona kwa pembe ya jicho ile taa ya manjano ikipiga, ikipiga, nikafurahi kupita kiasi. Nikakata kulia. Nikazunguka ghala kushoto. Nikarudi, nikasimama vizuri kabisa, mguu chini, nikitabasamu.

Trafiki hakutabasamu. "Binti, unakata kulia mpaka lini?"

Nikatazama chini. Taa ilikuwa bado inakonyeza. Sikuizima tangu kwenye mnazi.

Nikaona pamba, mistari na mistari. Mzee alisimama kwa magoti yale yale, hata fimbo hakushika, akawa anafungua mdomo kunitetea. Lakini trafiki aliinua kidole.

"Mwenye indiketa anadanganya kuliko asiye nayo," alisema. "Nyuma yako kuna lori, linakuamini. Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilikuwa nikijisemea kwa sauti, kama mtoto anayejifunza kuhesabu: washa, kata, zima. Washa, kata, zima. Watu waliokuwa wakisubiri zamu kando ya ukuta wakaanza kunifuata kwa pamoja, "Zima!" wakipiga makofi. Niliporudi taa zilikuwa kimya, na moyo wangu ndio uliokuwa unapiga kama flasha.

Trafiki aliingia ndani akatoka na karatasi. Jina, akaandika. Kijiji, akaandika. Umri, akaandika. Kisha kalamu ikasimama.

"Kazi?"

Mkulima? Karani sikuwa, muuguzi sikuwa. Sijawahi kuulizwa. Nikamgeukia mzee, na yeye alikuwa tayari amekwisha kujifunga sanduku lake kiunoni, amesimama kando ya pikipiki yenye mabaka akinisubiri.

"Dereva," alisema. "Andika dereva wa mifugo. Na ufanye haraka, afande, tuna ng'ombe wa kudunga."

Trafiki akaandika. Nikaisoma karatasi ile mara tatu kabla sijapiga kiki.