Kinundu Ndani ya Kiatu

Leo mjukuu wangu amepasha moto mafuta ya nyonyo anikande miguu, na harufu yake imenirudisha kwenye tembe letu. Namwona baba amekaa kwenye kigoda, kando yake vile viatu alivyopewa na Mjerumani alipomfanya askari.

Vilibana mbele, naye alikuwa amechunga ng'ombe pekupeku maisha yake yote. Haukupita muda, kidole gumba cha kulia kikawalalia wenzake, na ubavuni pa mguu kikachomoza kinundu chekundu, kigumu kama kokwa. Kila jioni mama alikikanda kwa mafuta.

"Baba watoto, ngoja nitoboe ngozi hapa, kipate nafasi."

"Thubutu! Kiatu cha serikali hicho. Nitachapwa viboko."

Basi kinundu kikaisukuma ngozi chenyewe, siku baada ya siku, mpaka kiatu nacho kikaota kinundu chake.

Vita ilipokuja, baba aliondoka akichechemea. Masika mawili yakapita. Kisha akaja mpagazi mmoja, akatua viatu mlangoni.

"Mama, mwenyewe tulimzika njiani."

"Viatu vya askari vyote vinafanana," mama alimjibu kwa ukali.

Akatumbukiza mkono ndani ya kiatu cha kulia, akipapasa. Mkono ukasimama.

Hakulia. Alinituma mafuta, akayapasha, akaanza kukikanda kile kiatu palepale penye kinundu, taratibu, kama alivyozoea. Nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Bado kinauma?"