Nilisoma Daftari la Namba Saba, Nikaongea

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu nikianza na Shiru nitamaliza nikimlaumu Shiru, na Shiru hakutia sahihi karatasi yoyote. Mimi nilitia.

Naandika nikiwa nimesimama. Tangu mambo haya yatokee siwezi kukaa kwa kiti dakika kumi. Nainuka, naenda dirishani, nakunywa maji na sina kiu, narudi. Kwa shajara yangu nimeandika haya mara nne na mara nne nimechana. Labda nikiwaambia nyinyi msionijua, maneno yatakubali kubaki kwa karatasi.

Nina miaka kumi na saba. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Tunaishi mtaa wa Satellite kwa ploti ya nyumba kumi, mimi, Mama na dada yangu mkubwa, Rispa. Majina yote nimebadilisha. Mimi si mtu wa maneno. Nikisalimiwa naangalia chini. Kwaya ya kanisa naimba sauti ya pili kwa sababu ukikosea haisikiki sana. Mama huambia wageni, "Huyu wetu hata ukimkanyaga, yeye ndiye ataomba msamaha."

Rispa anasomea saikolojia chuo kikuu. Utafiti wake ulikuwa juu ya wanawake wanaofanya kazi katikati ya jiji, na vile wanaangaliwa. Alitueleza siku moja tukila.

"Mtu akiangaliwa kila siku kama kitu, mara kiuno, mara miguu, mwishowe hata yeye anaanza kujiangalia hivyo," alisema. "Nusu ya akili inafanya kazi, nusu inachunga nguo. Nataka kujua hiyo nusu ya pili inamgharimu nini."

"Na hiyo ndiyo umeenda chuo kusomea?" Mama akamuuliza. "Si ungeniuliza mimi? Nimepita steji za matatu mjini miaka ishirini."

"Basi Mama andika, nikuweke namba."

"Wewe niwekee nyama. Namba wekea wengine."

Tulicheka. Naikumbuka hiyo siku kwa sababu ndiyo ya mwisho tulicheka watatu.

Utafiti ulikuwa hivi. Kila mwanamke alipewa daftari la wiki mbili. Kila jioni anaandika nani alimwangalia au kumwambia nini juu ya mwili wake, alikuwa akifanya kazi gani wakati huo, na yeye mwenyewe alifanya nini baadaye. Hakuna jina, ni namba tu. Mwenzake Rispa ndiye alikutana na hao wanawake mjini, ili Rispa mwenyewe asijue nani ni nani. Rispa akapokea madaftari kwa boksi. Kazi yangu ilikuwa kuyapiga chapa kwa kompyuta mchana, yeye akiwa mtaa wa Muthangari akifundisha watoto wa watu hesabu.

Kabla ya kuanza alinipa karatasi. Ilisema nisiongee na mtu yeyote juu ya nitakachosoma, hata nikidhani simjui aliyeandika, na nikimtambua nifunge daftari nimwambie yeye Rispa.

"Hata Mama?" nikauliza.

"Hata mto wako wa kulalia."

Nikatia sahihi. Nilijiona mtu mkubwa.

Daftari la kwanza mpaka la sita nilipiga chapa vizuri, sikuwa namwambia mtu. La saba lilikuwa na mwandiko umelala upande, kama mtu anaandika akiwa amechoka. Namba Saba anauza suruali za jinzi kwa vibanda vya nguo, yale majengo yenye korido nyembamba na sanamu zenye makalio makubwa zimesimama mlangoni. Bosi wake alimkataza kuvaa nguo zake mwenyewe. Kila asubuhi anamchagulia suruali ya dukani, anaivaa, anasimama karibu na sanamu. Mteja akija, bosi anamwambia, "Geuka tuone." Anageuka. Mteja anaangalia, anashika kitambaa cha suruali iliyo kwa sanamu, anauliza bei. Wengine hawaulizi bei.

Aliandika pia juu ya sweta. Akitoka kazini anaifunga kiunoni, hata jua liwe kali vipi, mpaka afike geti ya ploti anapoishi. Hapo anaifungua. "Hapa ndani naweza kuinama nifue nguo bila kufikiria," aliandika.

Siku ya tano akaandika kwamba amechoma mkono wa hiyo sweta na pasi, alama ya kahawia karibu na kifungo.

Mikono yangu ikasimama. Niliinuka nikaenda dirishani. Kwa kamba ya nguo, mbele ya mlango namba saba wa ploti yetu, kulikuwa na sweta ya zambarau. Alama ya kahawia ilikuwa karibu na kifungo.

Ilikuwa ya Anti Conso. Jirani yetu, labda miaka ishirini na tano, anaimba sauti ya kwanza kwa kwaya, anatuletea mboga za sukuma akitoka kwao. Hiyo namba ya mlango na ya daftari kuwa moja ilitokea tu hivyo, lakini mimi niliona kama Mungu ananiletea kitu changu mwenyewe.

Hapo ningefunga daftari. Ningemngoja Rispa nimwambie, "Huyu namjua." Angelichukua, angempa mtu mwingine. Karatasi ilisema hivyo. Badala yake nilisoma mpaka siku ya tisa bila hata kupiga chapa. Siku ya tisa aliandika maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikioga:

"Kutoka steji mpaka kazini leo sikuwa ndani yangu. Nilikuwa natembea nyuma yangu, najiangalia vile wa nyuma wananiona."

Nikasikia mlango. Nikafunga daftari.

Sasa Shiru. Ni rafiki yangu wa kwaya, tulisoma pamoja. Shiru akiongea watu wanamsikiliza. Mimi nikiongea watu wanaangalia simu. Hiyo jioni tulikuwa kwa ngazi za kanisa tukingoja wengine, akanambia, "Wewe hukai na kitu ya kusema? Kila siku ni mimi naongea, unanichosha."

Na mara hiyo nilikuwa nayo.

"Nikuambie kitu? Lakini usiambie mtu."

"Nimwambie nani, kwani mimi ni redio?"

Nikamwambia. Ile ya suruali, ile ya geuka tuone, na ile ya kutembea nyuma yake mwenyewe. Shiru aliweka simu chini. Aliweka simu chini kwa sababu yangu! Siwezi kuwaeleza raha niliyosikia, na ndiyo inanitesa, kwamba ilikuwa raha.

"Conso huyu wa kujifanya mtakatifu?" akasema. "Aki twende tumwone."

Tukaenda. Ijumaa, mjini, ghorofa ya pili. Nilimwambia Shiru tupite tu haraka. Korido ilijaa watu, muziki kila kibanda wa kwake. Tulijificha nyuma ya mikoba iliyoning'inia. Nilimwona akiwa amesimama kando ya sanamu, mikono nyuma. Hata kope hazikuwa zinasonga. Bosi alikuwa na wateja wawili wanaume.

"Conso, geuka waone."

Akageuka, na kugeuka kwake kukamleta kwetu.

Shiru alimpungia mkono. Mimi niliangalia viatu vyake. Raba nyeupe, kamba moja imefunguka. Tulitoka mbio mpaka chini, Shiru akicheka, mimi nikisema "twende, twende" kama mtu anafukuzwa, na hakuna aliyekuwa anatufukuza.

Kesho yake ilikuwa mazoezi ya kwaya. Tulikuwa na wimbo wa hatua. Mbili kulia, mbili kushoto, mnageuka wote mnapiga makofi. Mwalimu wa kwaya akahesabu, tukaanza. Tulipofika mahali pa kugeuka, kijana mmoja wa besi akasema kwa sauti, "Conso, geuka tuone!"

Watu wakacheka. Wengine hawakujua wanacheka nini.

Msichana mwingine akaongeza, "Wacheni yeye. Si mnajua ako na yule mwingine wake anamfuatanga nyuma?"

Anti Conso alikuwa ameshageuka nusu. Akasimama hivyo, akiangalia ukuta, mgongo kwetu. Mwalimu akasema, "Haya, haya, wacheni mchezo, tuanze tena." Yeye hakuanza. Aligeuka polepole akapitisha macho kwa nyuso zetu moja moja. Ile ya geuka tuone mtu angeisikia dukani. Ile nyingine hakuwahi kumwambia mtu, aliiandika tu. Alipofika kwangu nilikuwa naangalia viatu vyake, na nafikiri hapo ndipo alijua.

Alichukua mkoba akaenda. Sweta alikuwa ameifunga kiunoni.

Wiki hiyo sikulala vizuri, sikula vizuri. Nilikuwa naangalia geti. Anti Conso alipofika hakufungua sweta. Alipita nayo mpaka mlangoni. Jumatano nilimwona akifua kwa bomba, sweta kiunoni imelowa maji, na kila akiinama anaivuta chini kwa mkono wenye sabuni. Ndani ya ploti! Nilitaka kutoka nimwambie. Nilishika kitasa nikakiachilia, nikakishika tena. Nikarudi kukaa.

Alikuja mwenyewe Jumapili mchana.

"Hodi."

"Karibu Conso, chai ndiyo hii," Mama akasema.

"Asante, Mama Rispa, sikai. Nimekuja kuchukua kitabu yangu."

"Kitabu gani?" Rispa akauliza.

"Namba saba. Nilipigia yule msichana alinipa kitabu, yule mnasoma na yeye. Ameniambia vitabu viko hapa. Na mimi nilikuwa nasema ziko chuoni, kwa ofisi, zimefungwa."

Rispa aliniangalia. Alienda kwa boksi, akalitoa daftari, akampa kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto.

"Naomba unisamehe," akasema. "Ni jukumu langu."

"Si wewe nilikuja kuangalia." Akanigeukia. "Ulifika wapi?"

Nilisogeza thamosi ya chai mezani.

"Unaulizwa na mkubwa," Mama akasema, hajui bado ni nini.

"Siku ya tisa," nikasema.

"Ungemaliza tu."

Alifungua karibu na mwisho, akachana karatasi moja, akaiweka chini ya thamosi. Akaaga Mama, akatoka. Mwisho wa mwezi alihama. Kwaya hakurudi.

Rispa alimweleza mwalimu wake wa chuo kila kitu, hakunificha na hakujificha. Wanawake wengine waliposikia wakaitisha madaftari yao, na alirudisha yote. Ataanza upya na watu wengine, kama watakubali. Siku mbili hakuniongelesha. Ya tatu, akiwa anafunga viatu aende Muthangari, akanambia, "Nilikupa mtu kamili kwa hilo daftari. Wewe ukamkata kipande ukapelekea watu waone." Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Hakunipa daftari lingine.

Karatasi ya chini ya thamosi nilikaa nayo mpaka jioni kabla ya kuisoma. Ilikuwa siku ya kumi na mbili. Aliandika:

"Leo kwa ploti hakuna mtu ameniangalia. Yule msichana wa namba nne akinisalimia anaangalia viatu vyangu. Watu husema ni aibu. Mimi nikiwa na yeye napumzika."

Sisi ndio namba nne.

Nimeisoma mara nyingi hata mikunjo imeanza kukatika. Aliyekuwa akipumzika naye ndiye alienda mpaka ghorofa ya pili kumwangalia. Na kuna kitu kingine. Juzi nilitumwa mjini, nikajikuta navuta blauzi chini, nasikiliza hatua za walio nyuma yangu, nafikiria mgongo wangu unaonekana aje. Nilipofika nilikokuwa nimetumwa nilikuwa nimesahau nilichotumwa.

Shiru alinitumia ujumbe, "Si ulijua mimi huongea?" Ni kweli. Nilijua. Ndiyo maana nilimchagua.

Kwa hivyo wewe unayesoma, hasa wewe mnyamavu mwenzangu unayetamani siku moja watu waweke simu chini wakusikilize, tafuta kitu chako cha kuwaambia. Ukikosa, nyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa na kazi kwa mtu na sikujua. Na ukikabidhiwa maisha ya mtu, hata kama ni karatasi ya daftari, usidhani kwa sababu hujamshika kwa mkono hujamshika.

Najua kuna mtu ameanza kufikiria majengo ya nguo anayoyajua, ghorofa ya pili, sweta ya zambarau. Usimtafute. Sweta haikuwa ya zambarau. Hiyo pia nimebadilisha. Ukikutana na mwanamke yeyote amefunga sweta kiunoni na jua ni kali, chukulia ni yeye, umsalimie ukiangalia viatu vyake, umwachie njia apite.