Diwani Aliyebomoa Duka Lake

Wazee watatu walinikuta juu ya ngazi dukani, natafuta bawaba za inchi nne, wakaniomba nigombee udiwani. Ningekataa nikiwa huko huko juu, leo ningekuwa mzee mwenye duka. Lakini ngazi ni kitu kibaya. Watu wenye heshima zao wamesimama chini, wamevua kofia, wamekuinulia nyuso, na wewe unaanza kuamini kwamba ulizaliwa kuangaliwa hivyo. Niliwaambia nitafikiria. Nilikuwa nimemaliza kufikiria kabla mguu wangu haujagusa sakafu.

Duka lilikuwa letu wawili, mimi na kaka yangu mkubwa. Tulitoka upande wa Machakos tukiwa vijana, tukakodi chumba kimoja Noonkopir, mtaa wa Kitengela, wakati Kitengela ilikuwa bado mahali pa kununua mbuzi na kuendelea na safari. Kisha malisho yakaanza kukatwa ploti, na kila aliyenunua ploti alitaka nguzo na seng'enge siku hiyo hiyo, kabla jirani hajasogeza mawe ya mpaka. Kufikia katikati ya miaka ya tisini tulikuwa na jengo letu la mawe kando ya barabara ya soko, majina yetu mawili kwenye hati.

Kaka alisikiliza habari za wale wazee huku akiendelea kupima waya.

"Mwana wa mama," akasema, "wewe hata mteja akikuzidi maneno unampunguzia bei. Huko utaweza?"

Nikamwambia wananchi wananihitaji. Akasema wananchi wanahitaji misumari.

Nilifanya kampeni kwa bidii ya mjinga. Nilijifunza kusalimu "sopa" na kungoja nijibiwe "epa", na baada ya hapo Kimaasai changu kilikuwa kuitikia kwa kichwa. Mzee mmoja alinieleza jambo refu, nami nikaitikia kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuja kuambiwa kwamba nilikuwa nimekubali kumchimbia bwawa la ng'ombe. Hata hivyo nilishinda, kwa sababu wagombea wawili wenye nguvu walikuwa binamu na waligawana kura za ukoo wao. Mimi nilieleza kwamba ile ilikuwa sauti ya wananchi.

Nikaanza kwenda Kajiado kwenye vikao, nimevaa suti ya kijivu iliyonibana kwapani. Mchango wangu wa kwanza katika halmashauri ulikuwa kuomba dirisha lifunguliwe. Nilirudi nyumbani nikasimulia jinsi nilivyozungumza. Kaka alibaki dukani peke yake, akifungua, akiuza, akipakia mabati kwenye mkokoteni, na nilipoingia jioni kuuliza siku imekuwaje, aliniita "mheshimiwa". Mwanzoni nilidhani ananipa heshima.

Ahadi yangu kubwa ilikuwa barabara ya soko. Mvua ikinyesha, malori yalizama pale hadi ekseli, na sababu ilikuwa wazi: kila mwenye jengo alikuwa amejongea mbele kidogo kidogo, huyu kwa veranda, yule kwa kibanda, mpaka barabara ikawa kichochoro. Halmashauri ikaleta mpimaji. Chifu akaita baraza palepale barabarani, na msimamizi wa kazi akaja na kopo la rangi nyekundu ili majengo yaliyovuka mstari yawekwe alama ya kubomolewa. Mpimaji akavuta futi kutoka katikati ya barabara. Mstari ulipita ndani ya duka letu, nyuma ya kaunta, hatua chache tu kutoka ukuta wa nyuma.

Watu wakanigeukia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza sukuma wiki mbele ya duka letu ndiye aliyesema.

"Mheshimiwa, anza kwako ndio tuamini."

Nilichukua brashi mimi mwenyewe. Nilichora alama kwenye mlango wetu, na kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imepinda, nikachora nyingine ukutani. Watu wakapiga makofi. Kaka akatoka ndani, penseli nyuma ya sikio, akatazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Uliniuliza?" akasema.

Sauti yake ilikuwa ya chini. Ningeweza kumjibu kwa sauti kama hiyo. Lakini kulikuwa na watu wengi sana.

"Sheria haina ndugu," nikasema, nimewageukia wao.

Akina mama wakapiga vigelegele. Nilipendezwa na maneno yale hivi kwamba nilipoombwa kusalimia kanisani Jumapili iliyofuata, niliyarudia.

Majirani walipiga makofi, lakini walikuwa watu wenye akili. Wiki hiyo hiyo walitafuta wakili waende kortini kuzuia ubomoaji, na wakili akataka sahihi ya kila mwenye jengo. Letu lilihitaji sahihi mbili. Kaka alikuwa ameshaweka yake alipoiweka ile karatasi mbele yangu, juu ya kaunta.

"Weka sahihi, mwana wa mama. Hii duka ndiyo inasomesha watoto wako na wangu."

Nikamuuliza, baada ya kupaka rangi mbele ya watu wote, nikienda kortini kujipinga nitaonekana nani.

"Utaonekana mtu aliyekosea," akasema. "Watu wanakosea kila siku na jioni wanakula ugali."

Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Nikairudisha karatasi upande wake. Aliikunja mara mbili, akaenda kumhudumia mteja aliyetaka kufuli.

Korti ilisimamisha ubomoaji wa majengo yote yaliyokuwa kwenye ile karatasi. Letu halikuwemo. Tingatinga lilikuja asubuhi, na dereva, mtu tuliyemuuzia mabati ya nyumba yake, alinisalimu vizuri akaniuliza aanzie wapi. Nilimwonyesha. Kaka alikuwa ametumia siku mbili kutoa bidhaa na kuzifunika kwa turubai kando ya barabara. Alikaa juu ya gunia la simiti akatazama mpaka ukuta wa nyuma ukaanguka. Hakuniita mheshimiwa wala mwana wa mama. Hakuniita kitu.

Barabara haikujengwa. Kesi iliendelea kuahirishwa, majengo mengine yalibaki yalipokuwa, na mbele ya ploti yetu malori yalipata nafasi nzuri zaidi ya kuzama. Yule mama wa sukuma wiki alihamishia meza yake kwenye sakafu yetu ya saruji. Nilipopita, aliniambia pale pamekauka vizuri, hakuna matope.

Kwenye uchaguzi nilishika nafasi ya nne kati ya wagombea watano, na huyo wa tano alikuwa amejiondoa. Nilimwuliza mmoja wa wale wazee watatu kosa langu lilikuwa nini. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Watu walisema, kama huyu alimfanyia ndugu yake vile, sisi atatufanyia nini?

Kaka alirudi kwenye shamba la baba yetu. Bidhaa zilizobaki aliziuza kidogo kidogo, akapanda maharagwe. Nilikwenda mara tatu kumwomba msamaha. Mara zote nilipewa chai na mke wake, na mara zote kaka alikuwa ameenda shambani. Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Siku ya mazishi, mwendesha shughuli alitangaza kwamba mheshimiwa atasema machache. Mjane akasema hapana, aketi tu. Nikaketi.

Nilikuwa diwani kwa kipindi kimoja. Bei ya kipindi hicho ilikuwa duka ambalo hatukulijenga tena, shule ambayo watoto wawili wa kaka waliiacha kidato cha pili, na kaka mwenyewe, ambaye alikufa bila kusema nami tena.