Kuomba Maziwa kwa Kidole

Jana asubuhi nilifunga mlango wa nyumba yangu ya Malvern, Johannesburg, nikaenda stesheni na kupanda basi lililokuwa linaondoka. Sikuwa na mpango wowote. Ndivyo nilivyo tangu utotoni.

Ninyi tuliokua pamoja kule milimani Usambara mtalikumbuka lile jengo la mawe. Wamonaki Wasistersiani, watawa wa Kikatoliki, walilijenga, wakapanda kahawa, wakasali kwa kengele mara saba kwa siku, kisha wakaondoka zao. Sisi tulilikuta limeshakuwa shule. Darasa letu lilikuwa chumba chao cha kulia, kuta bado zinanuka moshi na nta, na pembeni kuna kidirisha cha kupitishia mikate. Niliacha shule darasa la tano, lakini hakuna tundu la jengo lile ambalo sikulichungulia.

Wamonaki hawakuzungumza ovyo. Waliombana vitu kwa ishara za mikono. Babu, aliyewapikia tangu ujana wake, alizileta ishara hizo nyumbani. Mezani tulikuwa tisa, kimya kabisa. Mama alisema, "Anayetaka kitu aombe kwa mkono. Atakayefungua mdomo ataosha masufuria."

Mkate ni duara la vidole vinne. Samaki, kiganja kinatikisika kama mkia. Maziwa, unavuta kidole cha mwisho kama anayekamua. Darasani tulizitumia kuibiana majibu, mpaka siku mwalimu aliponiuliza, "Wewe, unakamua ng'ombe wa nani humu?"

Babu alifariki, Mama naye, ndugu wakatawanyika. Nilijaribu kumfundisha binti yangu, aliyezaliwa huku. Akacheka. "Eish, Baba, si utume meseji tu?" Hapo nikajua ishara zile zitaishia kwangu, na tangu siku hiyo kila nilipokula nilijisikia mpweke.

Basi liliniteremsha kwenye mji mdogo wa milima ya Natal. Nikatembea hadi nikaona mawe yaleyale, kidirisha kilekile, mnara wa kengele. Monasteri nyingine ya Wasistersiani, siku hizi nyumba ya wageni. Mama mmoja wa Kizulu, mzee, alinipa ufunguo wa chumba, akaniwekea chai mezani. Akanitazama. Kisha akakivuta kidole chake cha mwisho.

Nilimuuliza kwa Kizulu changu kibovu nani alimfundisha.

"Ubaba," alisema, akionyesha tanuri la zamani uani, ambako baba yake aliwaokea wamonaki mikate.

Nami nikamwonyesha samaki. Akacheka mpaka akakaa chini.

Enzi zile, watu tisa bila sauti, hata chumvi ilimfikia aliyeitaka. Leo nyumbani kwangu tuko watatu, mimi, mke wangu na binti, simu zinalia kila kona, na chai inapoa kabla hatujajua nani anataka nini. Jumapili nikirudi, maziwa nitayaweka upande wangu wa meza. Atakayefungua mdomo ataosha masufuria.